Ngozi Yetu Ndiyo Ichague Mashine

Maneno niliyoyasema mbele ya wenye vituo binafsi vya afya na wauguzi, Tabora mjini

Ndugu Mwenyekiti, waganga wenzangu, manesi, na wazee wangu wenye vituo mliofunga shughuli zenu mkaja kunisikiliza, mwangaluka.

Nimeombwa niseme juu ya mashine za leza za kufuta tatuu, kwa kuwa wengi wenu mmeanza kuletewa picha na bei kwenye simu. Wakala anatuma video fupi: mkono mweupe, tatuu nyeusi, mashine inalia ta-ta-ta, tatuu imetoweka. Chini yake kuna bei ya ofa na namba ya kupiga. Naomba msimjibu bado. Mkono ule wa kwenye video si mkono utakaolala kitandani kwako Isevya au Ipuli, na karibu yote ninayotaka kusema leo yanatokana na hilo. Mashine ya kituo cha Tabora ichaguliwe na ngozi ya watu wa Tabora. Bei, rangi ya boksi na ukubwa wa kioo cha kugusa vitafuata.

Nianze na wanaokuja. Wapo vijana wanaotafuta ajira. Mnajua kwamba matangazo ya kujiunga na polisi na vyombo vingine vya ulinzi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Kijana amemaliza kidato cha nne, cheti anacho, afya anayo, ila mkononi ana herufi mbili alizochorwa na rafiki yake kwa sindano na wino wa kalamu wakati wa likizo. Anafika kituoni na tangazo mkononi, usaili uko wiki tatu mbele. Wapo akina dada waliotiwa tatuu ya nyusi saluni, ikakaa upande au ikageuka rangi. Wapo watu wa ajali: bodaboda ameburuzwa kwenye lami, kidonda kimepona, lakini chembe za lami na mchanga zimebaki chini ya ngozi ya shavu. Na wapo waliochoka tu kubeba jina la mtu ambaye hawaishi naye tena. Hao nao wana haki yao.

Wanaoniumiza roho kuliko wote ni wale waliokwisha kujitibu. Tindikali ya betri. Pasi ya moto. Chumvi, halafu kusugua kwa jiwe la kisigino mpaka damu itoke. Krimu za mkorogo. Hufika na kovu nene, na tatuu yenyewe bado ipo chini yake. Kwa hiyo hitaji lipo mjini hapa, na penye hitaji lisilo na huduma ya kweli mashine mbaya itaingia hata tusipoikaribisha. Ndiyo sababu nimekubali kusimama mbele yenu.

Sasa, leza inafanya nini hasa? Wino wa tatuu umekaa kwenye tabaka la ndani la ngozi, ndani ya seli walinzi za mwili ziitwazo makrofaji. Seli hizo ziliumeza wino siku ile ya kuchorwa, zikashindwa kuuondoa kwa sababu chembe zake ni kubwa. Leza inapeleka mwanga ambao chembe ya wino inaunyonya kwa ghafla, inapata moto na kupasuka vipande vidogo. Vipande hivyo ndivyo mwili unavibeba kidogo kidogo kupitia mirija ya limfu, kwa wiki na miezi. Mashine inavunja, mwili unazoa. Ndiyo maana kati ya awamu moja na nyingine tunangoja wiki 6 hadi 8, na kwa ngozi nyeusi sana mimi hupenda kwenda mpaka 12. Anayempangia mteja kurudi kila wiki ama hajui kazi hii, ama anaijua na anatafuta hela.

Kiini cha kazi yote ni ufupi wa pigo. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Marekani walieleza kanuni tunayoifuata mpaka leo: chagua mwanga ambao shabaha yako inaunyonya, upige kwa muda mfupi kuliko ule ambao shabaha inahitaji ili ipoe, nawe utaivunja shabaha na kuiacha salama nyama ya jirani. Chembe ya wino ni ndogo mno, kwa hiyo hupoa upesi mno. Pigo lake linatakiwa liwe la nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, au la pikosekunde, ambayo ni ndogo kuliko hiyo mara elfu. Mashine nzuri za aina ya kyu-swichi, yaani zinazokusanya mwanga na kuuachia kwa ghafla, hupiga kwa nanosekunde 5 hadi 10 hivi. Hilo ni pigo la nyundo. Mashine za IPL, zile za kuondoa vinywele ambazo mawakala wengine huziuza kwa madai kwamba zinafanya kila kitu, hupiga kwa milisekunde, muda mrefu zaidi kwa takribani mara milioni moja, na hiyo ni pasi ya mkaa iliyokandamizwa juu ya ngozi. Wino unapata moto, nyama nayo inapata moto, na mteja anarudi nyumbani na alama ya kuungua yenye umbo la kioo cha mashine, pembe zake nne zikiwa zimenyooka. Nalisema kwa sauti: IPL haifuti tatuu. Usiinunue kwa kazi hiyo, na ukimkuta jirani yako anaitumia kwa kazi hiyo, mwambie.

Turudi kwenye ngozi yetu. Melanini, ile rangi inayotukinga na jua, nayo hunyonya mwanga, na hunyonya zaidi mwanga wa mawimbi mafupi. Leza iitwayo Nd:YAG hutoa mwanga ambao wimbi lake lina urefu wa nanomita 1064, na ukiupitisha kwenye fuwele maalumu unapata mwingine wa nanomita 532, wa kijani. Ule wa 1064 hauonekani kwa macho, huzama ndani, na melanini huuachia upite kwa sehemu kubwa. Ndio wa wino mweusi na bluu nzito. Ule wa 532 ndio wa nyekundu na machungwa, lakini kwenye ngozi nyeusi melanini inaudaka kabla haujaufikia wino. Kinachofuata ni malengelenge, halafu doa jeupe ambalo linaweza kukaa miezi mingi, au likakaa moja kwa moja. Zipo pia leza za rubi, nanomita 694, na za aleksandriti, nanomita 755, ambazo zinasifika kwa kijani na bluu ya mwangaza. Ya rubi naiweka upande wa hatari kwa watu wetu; ya aleksandriti inataka mkono wenye uzoefu mkubwa.

Kwa bahati njema, tatuu nyingi tunazoziona hapa ni nyeusi. Zimechorwa kwa wino wa bei nafuu, nyingi bila mashine, wino wenyewe ni masizi au kaboni tupu. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya kituo chako iwe Nd:YAG ya kyu-swichi yenye 1064 ya uhakika. Usilipie rangi nne za mwanga ambazo hutathubutu kuzitumia kwa tisa kati ya wateja kumi wanaoingia mlangoni kwako. Kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanza mwaka 1975, sasa kinagawa ngozi katika aina sita, na watu wetu wengi wako aina ya tano na ya sita, zile nyeusi zaidi. Mwulize wakala: nionyeshe picha za aina ya tano na ya sita, kabla ya tiba na miezi mitatu baada ya awamu ya mwisho. Miezi mitatu, kwa sababu picha ya wiki moja haionyeshi doa jeupe wala kovu la keloidi, lile linalovimba na kukua, na keloidi mnaijua ilivyo kwetu.

Juu ya pikosekunde nitasema kwa ufupi. Ni teknolojia nzuri. Mashine ya kwanza ya aina hiyo, PicoSure, ilipitishwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2012, ikiwa na mwanga wa nanomita 755. Zilizofuata zina 1064 pia, na kwa tatuu sugu mara nyingi hupunguza idadi ya awamu. Lakini za makampuni makubwa zimekuwa zikiuzwa kwa zaidi ya dola laki moja za Marekani, na boksi la pikosekunde la bei ya pikipiki si pikosekunde. Likifunguliwa na kupimwa, pigo lake ni la nanosekunde kama mengine. Sioni sababu ya kituo cha mkoa kuanzia huko.

Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu, maana ndipo pesa zenu zinapopotea. Tangazo litaandika "milijuli 2000" au "wati 2000" kwa herufi nene. Wati zile mara nyingi ni umeme ambao boksi linakula, wala hazikuambii mwanga unaotoka ni kiasi gani. Na milijuli, yaani sehemu ya elfu ya juli, kipimo cha nishati, peke yake haisemi kitu mpaka ujue inamwagwa kwenye eneo gani. Chukua mashine inayotoa kweli milijuli 400. Ukiweka doa la mwale lenye kipenyo cha milimita 4, eneo lake ni sentimita za mraba 0.126, na nguvu unayopata ni juli 3.2 kwa kila sentimita ya mraba. Ukipunguza doa hadi milimita 2, nguvu inaruka mpaka juli 12.7. Kwenye karatasi unaona umepata mashine kali. Kwenye ngozi, doa dogo husambaa pembeni upesi, halizami, na moto wote unabaki juu, kwenye melanini. Wino wa chini haujaguswa, ngozi ya juu imeungua. Sasa chukua mashine inayotoa kweli milijuli 1000: kwa doa la milimita 6 unapata juli 3.5, kwa la milimita 8 unapata juli 2, na mwanga unazama unakotakiwa. Kwa ngozi nyeusi doa pana na nguvu ya wastani ndiyo njia, na doa pana linahitaji mashine yenye nguvu ya kweli ndani yake. Kwa hiyo swali la kumwuliza wakala ni hili: kwenye doa la milimita 6, kwa 1064, mashine yako inanipa juli ngapi kwa kila sentimita ya mraba, na nani amezipima? Akijibu kwa wati, shukuru na umuage.

Umbo la mwale nalo tulipime. Mnaziona karatasi mbili nyeusi nilizobandika hapa. Zote zimepigwa kwa mwanga wa 1064, pigo moja moja, na wote tuliokuwa chumbani tulivaa miwani. Hii ya kushoto ina duara lililoungua sawasawa kutoka ukingo mpaka ukingo. Hii ya kulia, sogeeni mwone, katikati kuna kitobo kilichotoboka kabisa na pembeni kuna mwezi mwandamo uliobabuka, kwingine hakukuguswa. Kile kitobo kwenye ngozi ya mtu ni tone la damu, halafu ni kovu. Mashine zote mbili zilikuwa na milijuli zile zile kwenye kioo. Karatasi nyeusi haigharimu kitu. Ukienda kukagua mashine beba yako, omba upigiwe mapigo kumi mfululizo, uone kama la kwanza na la kumi yanafanana. Wakala akikataa, umepata jibu.

Mashine nzuri ikiwa inafanya kazi vizuri, sekunde chache baada ya pigo ngozi iliyo juu ya wino hugeuka nyeupe. Ni mapovu ya gesi, na huyeyuka ndani ya nusu saa. Weupe huo ndio alama ya kutosha. Damu ikitoka, umezidisha, shusha. Nawaambia wauguzi hasa, kwa kuwa mteja mwenye haraka atakuomba upandishe.

Kabla hujanunua chochote, jua pia kilichopo chini ya ngozi za watu wa huku, kwa maana vitabu vya kampuni havikitaji. Wengi wetu tuna chale. Zilichanjwa tukiwa wadogo, zikapakwa dawa nyeusi, na masizi yakabaki ndani. Leza ya 1064 inaweza kupunguza ule weusi, kwa sababu kaboni ni kaboni, lakini kovu la wembe litabaki lilivyo. Mtu aelezwe hivyo kabla hajatoa hata shilingi. Na tusimfanye aone aibu: chale ni za wazee wake, akitaka kubaki nazo abaki nazo.

Hatari kubwa zaidi ni baruti. Mkoa huu una wawindaji wa magobole, na gobole likilipuka vibaya, chembe za baruti huingia usoni na mikononi na kukaa humo miaka. Kwa macho zinafanana kabisa na chembe za lami. Ukizipiga leza, zile ambazo hazikuungua zinaweza kulipuka ndani ya ngozi na kuacha mashimo kama ya ndui. Mwulize mtu alivyoumia, na umwulize pembeni, mbali na watu, kwa sababu mwenye gobole lisilo na kibali hatajibu mbele ya foleni.

Nyusi za saluni nazo zina mtego wake. Rangi ya kahawia, ya waridi na ya maziwa mara nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya chuma au titani, na zikipigwa leza zinaweza kugeuka nyeusi papo hapo. Dada aliyekuja na nyusi za kahawia anaondoka na nyusi za mkaa. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, ungoje wiki nane, ndipo uendelee. Kwa nyusi na kope mteja avae kinga ya chuma iliyoingizwa chini ya kope. Kama hamna kinga hiyo wala aliyefundishwa kuiweka, hiyo kazi msiifanye. Alama za piko iliyounguza ngozi siziwekei leza kabisa, maana pale hakuna wino wa kuvunja.

Na yule kijana wa usaili wa wiki tatu? Aambiwe ukweli siku ile ile. Tatuu ya kitaalamu inaweza kutaka awamu sita, nane, kumi na zaidi, kutegemea wino, mahali ilipo na ngozi, na ile ya mguuni hukawia kuliko ya kifuani kwa kuwa damu na limfu huko chini huenda polepole. Kwa wiki za kungoja tulizosema, hiyo ni kama miezi saba kwa uchache, na mara nyingi ni zaidi ya mwaka. Herufi mbili ndogo za mkononi wakati mwingine daktari wa upasuaji anaweza kuzikata na kushona mara moja, na hospitali ya Kitete ipo karibu. Atabaki na mstari wa kovu, lakini gharama ni ndogo na atakuwa ameamua akijua. Kumpokea fedha za awamu kumi ukijua tarehe yake ni ya mwezi huu ni kumwibia.

Sasa tuingie chumbani. Mwanga wa 1064 hauonekani, unapita kwenye mboni na kukusanywa nyuma ya jicho, kwenye retina. Jeraha lake huenda lisiume, na halirudi nyuma. Kwa hiyo kila aliyemo chumbani avae miwani iliyoandikwa urefu wa mawimbi ya mashine hiyo hiyo, pamoja na namba ya kinga, OD. OD 5 inapitisha sehemu moja ya laki moja ya mwanga, OD 7 sehemu moja ya milioni kumi. Miwani ya plastiki nyekundu isiyoandikwa kitu, inayokuja bure ndani ya boksi, itupe. Kama mashine ina 532 na 1064, miwani iandikwe zote mbili. Chumba kisiwe na vioo vya ukutani. Wenye vituo vilivyoungana na saluni, nawaangalia ninyi. Saa na bangili zivuliwe. Mlango uwe na komeo la ndani, kwa sababu kwetu mtu hupiga hodi huku ameshafungua. Wakati wa kupiga, vumbi la ngozi na matone madogo ya damu huruka, na homa ya ini B na VVU hatujavimaliza: kifyonza moshi karibu na mkono wa mashine, barakoa ya N95, glavu, na mahali inapowezekana kitambaa cha jeli juu ya tatuu.

Umeme na maji. Sihitaji kuwaeleza habari za umeme. Mashine ya leza ikikatiwa katikati ya pigo, au ikipata radi za Novemba, haifi kwa kelele. Inaanza kutoa pigo dhaifu leo na kali kesho, na wewe huoni. Weka stabilaiza ya uwezo unaozidi mahitaji ya mashine na kikinga radi, hakikisha mashine ni ya volti 230 na si ile iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Kiyoyozi si anasa hapa: mwezi wa Oktoba Tabora, chumba cha bati bila kiyoyozi kinaifanya mashine ijizime katikati ya kazi. Maji ya kupoozea yawe yale yaliyoondolewa chumvi. Ya bomba, hata haya ya Ziwa Victoria yanayotufikia sasa, hayaingizwi. Na vumbi la kiangazi likitua kwenye kioo cha mkono wa mashine, mwale hukichoma kile kioo. Kikaguliwe kila asubuhi.

Mashine iliyotumika inaweza kuwa chaguo zuri kuliko mpya ya bandia, mradi usome kihesabu cha mapigo. Taa ya mmweko iliyo ndani ina umri wake, unaohesabiwa kwa mapigo, na taa mpya ni gharama. Uliza fundi anakaa wapi. Fundi wa Dar es Salaam atakuja, lakini kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, na asipokuwa na kifaa cha akiba atarudi tena. Andikisheni katika mkataba: siku ngapi mpaka afike, nani analipa nauli, na mashine itapimwa nguvu mara ngapi kwa mwaka kwa kipimo chenye cheti.

Karatasi za serikali msizipuuze. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Mwombe wakala namba ya usajili wa kifaa hicho hicho, modeli hiyo hiyo, halafu uihakiki mwenyewe TMDA, usitegemee picha ya cheti aliyokutumia. Alama ya CE, ile ya soko la Ulaya, kwa leza ya tiba hufuatwa na namba yenye tarakimu nne za taasisi iliyoikagua. CE tupu iliyobandikwa mgongoni mwa boksi haithibitishi kitu. Na anayeshika mkono wa mashine awe amefundishwa ngozi kwanza, leza baadaye. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu 1992, na wapo waliopita pale wanaofanya kazi katika mikoa yetu. Siku mbili za mafunzo ya wakala hotelini ni za kujua vitufe. Hazimfundishi mtu kutambua kansa ya ngozi iliyojificha ndani ya tatuu, wala kumwahirisha mjamzito, wala kumtibu mteja ambaye mwili wake umekataa wino mwekundu na sasa anavimba midomo.

Mwenyekiti, nimalize na pendekezo. Nimewasikia wanne hapa wakisema kila mmoja anataka kununua ya kwake. Kwa fedha mnazotaja, mtapata mashine nne za karatasi ile ya kulia. Mkiziweka pamoja, mtapata moja ya karatasi ya kushoto, na chumba kimoja chenye komeo, kiyoyozi na miwani ya kweli. Mkoa huu unaujua ushirika. Tumbaku yetu imepita humo miaka mingi, kwa mazuri na mabaya yake, na mabaya yake yanatufundisha kuandika mambo mapema. Basi andikeni: nani anatoa kiasi gani, kila kituo kinapata siku zipi, nani anaitunza, mapato yanawekwa wapi kwa ajili ya taa mpya, na mtu mmoja tu, mwenye mafunzo ya ngozi, ndiye anayeshika ufunguo wa mashine. Kabla ya kununua, kila kituo kifungue daftari kwa miezi mitatu: waliokuja kuulizia, rangi ya wino, mahali ilipo, umri wake, na kama waliwahi kujichoma. Daftari hizo nne ndizo zitakazosema kama doa la milimita 6 linatosha au mnahitaji la 8, na kama kuna wateja wa kuilipia mashine au tuwapeleke kwingine kwanza. Katibu ameshanakili maswali ya kumwuliza wakala, na karatasi hizi mbili nyeusi nampa yeye. Niko tayari kwa maswali.